Salamu Iliyorukwa

"...na sasa paka wa mtaa mzima wanalala kwangu! Mmoja kazalia ndani ya kapu la nguo za wanangu, nguo safi, za pasi! Halafu unaniambia si wewe unayemwaga?"

"Ukoko una jina langu? Nionyeshe palipoandikwa."

"Mama Bweni, usinifanye mjinga. Sufuria la kutoa ukoko wa upana ule unalo wewe peke yako."

Inspekta alisimama kwenye njia, karibu na ukuta mfupi wa matofali uliotenganisha nyumba hizo mbili. Hakukohoa wala kubisha. Wagombanao humwaga bure mambo ambayo kituoni huwa unayatoa kwa koleo, na yeye hakuwa mtu wa kukataa cha bure.

Upande huu wa ukuta alikuwa Mama Pacha, mke wa dereva wa chuo, mwembamba, mikono kiunoni, mdomo hauna breki. Upande wa pili alisimama Mama Bweni, mlezi wa bweni la wasichana, mwanamke wa mwili na sauti, mwiko wa kupikia mkononi kama rungu. Nyumba ya tatu, ya mwisho kwenye mstari, ilikuwa kimya na mapazia yamefungwa. Hiyo ndiyo iliyomleta Inspekta. Ilikuwa ya Mshauri, yule mwanamke aliyeajiriwa na chuo kuwasikiliza wanafunzi waliolemewa.

"Afande, umefika wakati mzuri," Mama Pacha alisema alipomwona. "Mwulize huyu anampikia nani siku hizi. Zamani wasichana walijaa hapo barazani mpaka wanakalia ndoo. Leo hata nzi anaona aibu kuingia. Chakula anamwagia ukuta wangu."

"Wasichana wana mitihani," Mama Bweni alisema.

"Mitihani tangu mvua zilizopita? Basi wote watatoka maprofesa."

Mama Bweni alimpa mgongo, akamgeukia mgeni. "Afande, najua hukuja kwa habari ya paka. Umekuja kwa rafiki yangu. Basi andika: Mshauri hatoi siri. Natembea naye kwenda kazini kila asubuhi, tangu alipohamia hapa. Nimemchokonoa kwa umbea wa kila rangi. Ukifika kwenye mambo ya chumba chake, anafunga mdomo kama kopo."

"Kopo linalovuja," Mama Pacha alidakia. "Mimi namsikia dirishani akiongea na simu."

"Ulisikia nini?" Inspekta aliuliza.

"Nilisikia 'pole', nikasikia 'endelea', nikasikia 'na hapo ulijisikiaje'."

"Jina?"

Mama Pacha alifikiri. "Jina sikusikia."

"Basi hata paka wako anaweza kutunza siri hiyo," Mama Bweni alisema, akaingia ndani na mwiko wake.

*

Kesi yenyewe ilikuwa fupi kusimulia na ngumu kushika. Kulikuwa na kundi la simu la wanafunzi, lile la kuulizana vipindi na kutaniana. Mtu asiyejulikana alikuwa akiingia humo asubuhi na kuangusha jina, moja kwa kila ujumbe: "Na Kipepeo naye anakwenda kwa daktari wa vichaa." Siku nyingine: "Na Redio." Siku nyingine: "Na Wakili." Majina ya utani matupu, bila habari ya kilichosemwa ndani. Laini iliyotumika ilisajiliwa zamani kwa jina la mzee mmoja aliyekwisha kufariki, na kila baada ya ujumbe ilizimwa. Ofisi ya simu ilikuwa bado inatafuta ndugu zake.

Wanafunzi walifanya hesabu rahisi. Anayejua nani anaingia kwa Mshauri ni Mshauri. Wakaacha kuingia. Kamati ya chuo ilipanga kukaa kesho yake asubuhi, na agenda ilikuwa moja: kukifunga chumba na kumwachisha kazi mwenye chumba.

Inspekta alikwenda kwenye chumba hicho, akaanza na benchi la kusubiria. Lilikuwa tupu. Mpokezi, msichana mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliketi nyuma ya meza akimtazama kama mtu aliyetukanwa.

"Najua utaniuliza nini," alisema. "Mimi nawaona wote wanaoingia. Kwa hiyo ni mimi."

"Ni wewe?"

"Ningekuwa mimi ningeanza na wavulana! Ndio wengi. Wanakuja kofia imeshuka mpaka puani, wanauliza choo kiko wapi, halafu wanaketi. Mbona hakuna mvulana hata mmoja aliyetajwa?"

Hilo Inspekta hakuwa ameliona. Alifungua simu yake akayasoma majina tena. Wasichana watupu.

"Na huyu Kipepeo ni nani?" aliuliza.

"Nikuulize wewe. Hapa wanaandikishwa kwa majina ya vyeti. Kipepeo, Redio, hayo ni majina ya chumbani kwao, ya kuitana wakichana nywele. Hata Mshauri aliniuliza: Redio ndiye yupi?"

"Jambo jingine. Mshauri aliugua homa mwezi uliopita, akalala nyumbani juma zima. Sivyo?"

"Ndiyo. Nilikaa hapa peke yangu kama sanamu."

"Juma hilo hakuna jina lililoanguka."

Mpokezi alivua miwani yake. "Sasa hilo linamsaidia au linamzika?"

Hilo hata Inspekta hakulijua bado.

*

Chumba cha Mshauri kilikuwa na viti viwili vilivyowekwa kimshazari, ili mtu aweze kulia bila kutazamwa usoni. Boksi la tishu lilikuwa upande wa mgeni. Saa ya ukutani ilitundikwa nyuma ya kiti cha mgeni, mwenye chumba aione bila kugeuza shingo. Mshauri mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, mtulivu, na kucha zake zilikuwa zimetafunwa karibuni.

"Sitakupa faili," alisema kabla hajaulizwa. "Wala sitakuambia nani anakuja na nani haji. Hata kamati nimeiambia hivyo. Wakitaka wanifukuze."

"Faili sizihitaji. Nataka unisindikize nyumbani kwako kwa miguu, njia ile ile unayopita kila siku."

"Kwa nini?"

"Miguu yangu inafikiri kuliko kichwa."

Walitoka wakati vipindi vimekwisha na njia imejaa. Kabla hawajafika kwenye maktaba, simu ya Inspekta ililia. Aliitazama, akapumua, akapokea. "Niko kazini... Na mwanamke... Ndiyo, mwanamke... Ukitaka nimpe simu akohoe usikie." Akakata. "Mume wangu. Miaka yote hii, bado anadhani wahalifu wote ni vijana wazuri wanaonisubiri mimi."

Mshauri alicheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo, lakini kicheko kiliisha upesi.

Inspekta aliendelea kutembea na kutazama. Mshauri alikuwa mtu wa salamu. Alimsalimu mlinzi, akamwuliza hali ya mguu wake. Akamsalimu mfagiaji, mwuza vocha, na vijana watatu wenye mpira. "Hamjambo wanangu?" Akamsalimu msichana mwenye vitabu, akamwambia kamba ya kiatu imefunguka. Kisha wakaja wasichana wawili wameshikana mikono. Mshauri aliinua macho, akaanza kuangalia vilele vya miti, na wasichana wale wakapita.

Hatua chache mbele, ikawa hivyo hivyo kwa kijana mmoja mwenye kofia.

"Wale umewaruka," Inspekta alisema.

"Nani?"

"Wale wawili, na yule wa kofia. Kila mtu umemsalimu isipokuwa hao."

Mshauri alipunguza mwendo. "Ni utaratibu wa kazi yetu. Nje ya chumba, mtu wangu simsalimu mimi kwanza. Akinisalimu, naitikia. Akipita, apite. Pengine yuko na rafiki atakayemwuliza: huyu mama mmejuana wapi? Namlinda."

"Na wasio wako unawasalimu wote."

"Mimi nimelelewa hivyo. Nikinyamaza watasema najidai, nimesoma sana."

Inspekta alisimama katikati ya njia. Watu wakawakwepa kushoto na kulia. "Mama," alisema taratibu, "umemsalimu mlinzi, mfagiaji, mwuza vocha na wacheza mpira. Mtu akitembea kando yako na macho yake mawili, hahitaji faili. Anaangalia tu ni nani umemnyima."

Rangi ilimtoka Mshauri usoni.

Wakati huo huo msichana mrefu, mwenye mkoba wa ngozi begani na mwendo wa mtu aliyeshinda kesi, alitokea upande wa maktaba. Alimwona Inspekta, akamsalimu kwa kichwa. Macho ya Mshauri yakapanda tena kwenye vilele vya miti. Msichana akapita, shingo imekaza.

"Huyo naye ni wako?"

"Nimekwambia hilo silijibu."

"Jibu ninalo. Huyo ndiye Wakili. Alikuja kituoni jana mwenyewe, anafoka. Mwenzake wa chumbani ameomba ahamishwe, anaogopa kulala na kichaa. Akaniambia, 'Afande, chumba kile sijawahi kukanyaga. Nikitaka kulia nina mto wangu.' Sasa niambie, kama si wako, mbona umemruka?"

Mshauri alitazama viatu vyake.

"Wewe unajua kuwasubiri watu mpaka waseme," Inspekta alisema. "Na mimi najua."

Ilichukua muda. Wanafunzi wakapungua njiani.

"Mume wangu anamsimamia utafiti wake," Mshauri alisema mwishowe. "Jina hilo limefika mpaka darasani, na nyumbani ni Wakili asubuhi, Wakili jioni. Wakili kasema hivi, Wakili kachekesha darasa zima. Nikitia chakula mezani, anatia Wakili. Hakuna kitu kati yao, Afande. Nimechunguza. Nimenusa hata makoti, mimi, ambaye kutwa nawafundisha watoto wa watu kutuliza roho. Lakini nikimwona yule msichana roho inaniuma mpaka ulimi unakataa. Kumtakia hujambo siwezi."

"Kwa hiyo wengine unawaruka kwa kazi, na huyu kwa wivu."

"Usiliseme kwa sauti."

"Aliyekuwa akikuangalia hakujua tofauti. Na ndiyo maana sasa namjua." Inspekta alianza kutembea tena. "Mtu anatembea nawe kila asubuhi. Ujumbe huangushwa asubuhi, kazi ikianza. Ulipougua hukutembea, na jina halikuanguka. Anawafahamu wasichana kwa majina ya chumbani, ya wavulana hayajui. Ule utaratibu wako, uliwahi kumweleza mtu?"

Mshauri aliziba mdomo kwa kiganja. "Nilipohamia tu. Alinigombeza kwa nini nimemnyima salamu mtoto wa bweni lake. Nikamweleza ili asione vibaya." Macho yalijaa. "Afande, yule ni rafiki yangu. Majirani wakinisema, yeye hunitetea mpaka kwenye ukuta!"

"Nilimsikia asubuhi. Alitetea vizuri mno."

*

Jikoni kwa Mama Bweni vikombe vilining'inia kwenye misumari ukuta mzima, kama vya mgahawa. Kimoja tu kilikuwa bado kina majimaji ya kuoshwa. Lile sufuria maarufu lilikuwa juu ya jiko linatokota.

"Karibu, Afande, kaa. Umempata mwizi wa majina?"

"Bado kidogo. Kuna jina moja linanikwaza. Wakili anaapa hajawahi kwenda kwa Mshauri."

"Wanaapa wote. Nani atakubali?"

"Mpokezi naye hamjui."

"Mpokezi anajua nini na miwani ya uzi? Wakili anakwenda. Mimi wasichana wangu nawajua."

"Ulimwona akiingia?"

"Sina haja ya kumwona akiingia! Mshauri akipishana naye anaangalia juu kama anatafuta ndege, sasa hapo utaniambia..."

Maneno yakakatika. Mfuniko wa sufuria ulikuwa ukigonga gonga. Mama Bweni alinyoosha mkono akaupunguza moto, akabaki ameushika mshikio wa sufuria ingawa bila shaka ulikuwa unaunguza.

"Endelea, mama," Inspekta alisema.

"Nimemaliza."

"Yule mzee mwenye laini ni nani kwako?"

Mwanamke yule alikaa kwenye kigoda. Sauti yake kubwa ilikuwa imempotea. "Baba yangu. Laini yake niliihifadhi tu, ya kumbukumbu. Sikuihifadhi kwa ubaya."

"Na ubaya ulianza lini?"

"Wewe unauona ukuta huu?" Alivionyesha vile vikombe. "Kila kimoja kina mwenyewe. Msichana akiachwa na mchumba, alilia hapa. Akifeli, hapa. Akipata habari ya msiba kwao, mimi ndiye niliyemshika. Sikusomea, lakini walikuja! Kipepeo huyo huyo kalala kwenye kitanda changu mwezi mzima, kanilowanisha bega. Kisha akaja bibi mwenye cheti, na viti viwili na tishu. Nikampokea, nikampa njia, nikatembea naye. Siku moja tunapishana na Kipepeo. Mshauri akaangalia juu." Alikitazama kikombe kimoja. "Nikajua. Ameniacha, ameenda kwake. Halafu Redio. Halafu mwingine. Kila asubuhi nilikuwa natembea nasubiri kuona leo ni yupi wangu amechukuliwa. Afande, mume akikuacha unajua ni mwanamke mmoja tu kakunyang'anya. Mimi nilikuwa naachwa kila siku na mtu mwingine, na anayeninyang'anya tumeshikana mkono."

"Ukaamua kuwatangaza."

"Niliamua waone aibu kwenda kule. Nilidhani watarudi huku. Nikawa napika kabisa." Alilitazama sufuria. "Hawakurudi. Wamejifungia vyumbani. Hawaendi kwake, hawaji kwangu."

Inspekta akasema, "Majina yote ulipatia, isipokuwa moja. Wakili hajawahi kwenda. Yule hurukwa kwa sababu nyingine, isiyo ya kazi."

Mama Bweni aliinua kichwa. Katikati ya balaa lake lote macho yakawaka. "Ni mume?"

Inspekta alijishughulisha na kifungo cha mfuko wake.

"Ni mume!" Alipiga paja. "Kumbe na yeye! Mwaka wote natembea na mwenzangu, huyu anaumia huku, yule anaumia kule, na tunazungumzia bei ya sabuni!" Kicheko kilianza, kikageuka katikati, akajifuta uso kwa kitambaa cha masufuria.

"Kesho asubuhi kamati inakaa," Inspekta alisema. "Utasimama mbele yao useme hayo hayo, kwa mdomo wako. Baada ya hapo mimi na wewe tutakwenda kituoni tukaandike. Lakini leo unaanza na jirani."

"Siwezi."

"Utaweza. Lete hiyo laini."

Mama Bweni alifungua kopo la sukari, akachimba kwa vidole viwili.

*

Jua lilikuwa linateremka walipofika kwenye baraza ya nyumba ya tatu. Mshauri alikuwa amesimama mlangoni. Nyuma yake, mumewe, mhadhiri mwenye aproni, alikuwa akipanga sahani huku akiimba vibaya. Ng'ambo ya kuta mbili fupi, Mama Pacha alikuwa ameanza kuanua nguo zilizokwisha kuanuliwa.

Mama Bweni alisema. Hakujificha nyuma ya maneno. Alisema ni yeye, akasema kwa nini, akasema kesho atasema tena mbele ya kamati, kisha akaweka laini kwenye ukingo wa baraza kama mtu anayerudisha ufunguo. Mshauri alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama kidogo, kama alivyosikiliza watu maisha yake yote. Hakusema "pole". Hakusema "endelea".

Geti lililia. Wakili aliingia, akiwa ameitwa na Inspekta, na mkoba wake wa ngozi begani. Alipomwona Mshauri alisimama pale pale na kugeuza uso pembeni, kwa mazoea ya mtu anayejua hatasalimiwa.

Mhadhiri aliacha kuimba. Mshauri alimtazama yule msichana.

"Hujambo, mwanangu?"

Wakili aligeuka nyuma kuona kama kuna mtu mwingine. "Mimi? Sijambo, mama. Habari za hapa?"

"Za hapa mbaya. Kesho zitakuwa nzuri kidogo. Unawadai radhi watu wawili, na mmoja ni mimi. Ingia tule kwanza. Utakaa karibu na mimi." Akageuka. "Na wewe Afande, ingia, mpigie mumeo umwambie kuna wanaume wangapi ndani."

Inspekta aliokota laini, akaifunga kwenye karatasi, akaingia. Mshauri alishika mlango. Mama Bweni alikuwa bado kwenye ngazi, chini yake kidogo, uso umeinuliwa. Kwa muda Mshauri alisimama hivyo. Kisha macho yake yakapanda juu, yakapita paa la jirani, yakafika kwenye vilele vya miti, na mlango ukafungwa polepole.

Ndani viti viliburutwa. Mtu alicheka, na mwingine akaomba chumvi.

Mama Bweni hakuondoka. Alitazama mlango kama alivyokuwa akiwatazama wasichana wake wakipishana naye asubuhi. Mikono, iliyozoea mwiko, haikujua pa kukaa.

"Wewe!"

Mama Pacha alikuwa ameegemea ukuta, kapu la nguo kiunoni, paka mmoja juu ya nguo.

"Nimesikia yote. Usiniulize nimesikiaje. Umefanya jambo baya, na kesho nitakuja kwenye hiyo kamati kusimama mlangoni nisikie vizuri." Alimshusha paka. "Lakini lile sufuria ukilimwaga tena hapa, tutauana. Lilete lilivyo, na wanangu wana njaa. Njoo, ingia kwangu, tule."